Mdaku wa Darini

Nyumba ya wazee niliyokuwa nikifanyia kazi iko upande wa Al Thumama, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikishuka, maji kwenye glasi yanatikisika. Mimi ni mwanamke wa Tanga. Nilikuja Doha kutandika vitanda hotelini, nikaishia kuogesha wazee. Sisemi nikaishia kwa masikitiko. Kule hotelini nilitandikia watu nisiowaona; hapa mwenye kitanda nilikuwa namjua, na akitaka kunigombeza alinigombeza usoni.

Nikiwa bado mgeni pale, walileta vitambuzi vya kuanguka. Kidude cheupe, cha ukubwa wa kisahani cha kikombe, kilipachikwa darini katika kila chumba, hata bafuni. Hakipigi picha, tulielezwa, maana wenye wazee walikataa katakata kamera vyumbani mwa mama zao, na nawaunga mkono. Kinarusha mawimbi na kuhisi mwili uko juu au uko chini, unakwenda au umetulia. Mtu akiwa sakafuni na asiinuke, kinapeleka habari kwenye simu za zamu tunazovaa kiunoni, simu zinalia na kuonyesha chumba gani. Siku ya mafunzo fundi alijilaza sakafuni kwa heshima zote, na shati lake lililopigwa pasi, na simu zetu zote zikalia kwa mpigo. Tulimpigia makofi.

Makofi yale hayakudumu. Aliyekibuni kidude kile nadhani alikulia mahali ambapo mtu mzima akionekana sakafuni, ujue kuna balaa. Hapa sakafu ndiyo sebule. Ijumaa familia zikija kutembelea, wanawake wanakaa chini kuzunguka birika la kahawa na sahani ya tende, na simu zinalia kana kwamba ukoo mzima umeanguka. Duveti likiteleza kitandani, simu. Mjukuu akijinyoosha zuliani, simu. Nilikuwa nakimbia ile korido hadi pumzi zinanikatika, nafika nakuta watu wanacheka, wananikaribisha kahawa. Nilikichukia. Kuna siku nilisimama chini yake, nikakitazama, nikakisonya.

Sitaki kukisingizia, hata hivyo. Mzee mmoja wa chumba cha mwisho aliteleza bafuni akiwa amejifungia, na sauti ya kuita hakuwa nayo tangu augue kiharusi. Kidude ndicho kilichotuita. Tulimkuta ana baridi lakini mzima, na mimi ndiye niliyemfunga taulo. Tangu siku hiyo niliacha kukisonya, ingawa urafiki haukuwepo.

Jina la mdaku alikipa Bi Mkubwa. Ndivyo nilivyomwita mama mmoja wa chumba cha kona, mwembamba, mwenye macho makali na mikono iliyojaa hina kila Ijumaa. Siku ya kwanza niliingia chumbani kwake nikijua ni Mwarabu kama wenzake. Shuka lilikuwa linanisumbua, ncha hii ukiibana ile inachomoka, nikawa nalitukana kimyakimya kwa Kiswahili. Nikasikia nyuma yangu: "Litandike vizuri, mwanangu, usilinung'unikie. Halijakukosea kitu."

Nilishtuka nusura nikae juu ya kitanda. Kumbe alizaliwa Unguja, akaolewa huku Ghuba akiwa msichana, na umri wote uliobaki ameumalizia huku. Habari za kuondoka kwao hakusimulia, nami sikumchokonoa. Watoto wake hawakijui Kiswahili zaidi ya majina ya vyakula, kwa hiyo alikuwa amekaa nacho miaka chungu nzima bila mtu wa kukitumia naye. Kila asubuhi nikiingia na kusema, "Shikamoo, Bi Mkubwa," alikuwa tayari: "Marahaba, mwanangu. Tanga hawajambo?" Utadhani nimelala Tanga nikaja kazini alfajiri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimelala mtaa wa Najma, chumba kimoja na wenzangu wa Tanzania na Kenya, na basi la kampuni limenileta nikisinzia. Nilimjibu kwamba Tanga hawajambo, wanamsalimia.

Siku kile kidude kilipowekwa, alikikazia macho muda mrefu akiwa amelala chali. "Nini hicho?"

"Mashine, Bi Mkubwa. Ukianguka inatuambia."

"Hiyo si mashine," alisema. "Hiyo mdaku. Kazi yake kuchungulia ya watu akayapeleke."

Ugomvi wao ulianza siku hiyo hiyo, adhuhuri. Bi Mkubwa alikuwa akisali chini. Alishuka kwa kushika ukingo wa kitanda, goti moja, kisha la pili, polepole, mtu ungeweza kumenya chungwa akiwa bado anashuka, lakini alishuka mwenyewe. Na sijda yake ilikuwa ndefu. Alipoweka paji chini, mdaku akapeleka habari. Nesi mkuu, mama mmoja Mhindi wa Kerala, mwema na mwenye haraka, aliingia mbio na vifaa vyake, akamkuta mgonjwa kainama mbele ya Mola wake na hawezi kujibu lolote. Ikabidi asimame pale mlangoni akihema. Bi Mkubwa alipotoa salamu ya mwisho ndipo alipofoka, kwa Kiarabu kwanza, kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili, kwa kuwa nilikuwa karibu. Ikawa hivyo kila sala, mchana na jioni, mpaka wazee wa vyumba vya jirani wakawa wanajua wakati kwa kelele za simu zetu.

Nesi mkuu alimshauri asalie kitini. Dini inaruhusu, alisema, na alikuwa ameuliza kwa wanaojua. Bi Mkubwa hakubisha kwamba inaruhusu.

"Inafaa kwa asiyeweza," aliniambia nimtafsirie. "Mie naweza."

Nesi alipoondoka, aliniita nimrekebishie mto. "Mwanangu, mimi hapa asubuhi naamshwa, naogeshwa, nakalishwa, nageuzwa kama andazi. Pahala ninapokwenda kwa miguu yangu na hiari yangu ni pale chini tu. Wakiniondolea pale, nimebaki na nini?"

Nilimpigapigia mto ule zaidi ya ulivyohitaji.

Mwanawe alikuja Ijumaa kutoka Umm Salal, amebeba tende za shambani kwake kama kawaida. Mtu mpole, na mwoga kwa ajili ya mama yake. Woga wake ulikuwa na sababu: Bi Mkubwa alikuwa ameanguka uani nyumbani kwake akavunjika kiganja, ndiyo maana akaletwa kwetu, kwa mazoezi ya muda mfupi ambayo muda wake uliendelea kurefuka. Walizungumza yeye, mama yake na nesi mkuu, wakafikia makubaliano. Fundi atatenga sehemu ya mswala ambapo mashine itavumilia. Bi Mkubwa ataendelea kusujudu chini. Lakini akianguka tena, hata mara moja tu, basi: sala ni kitini, na kitanda kitawekwa vizuizi. Alikubali akitazama dirishani.

Fundi alikuwa kijana wa Kijordani, mcheshi. Aliniambia nitandike mswala palepale utakapokaa siku zote, maana hautahamishwa tena, kisha akachora kisanduku kwenye tableti yake kuuzunguka. Alimuuliza Bi Mkubwa sijda yake huchukua muda gani. Bi Mkubwa akamjibu kwamba inategemea siku hiyo ana shida ngapi. Fundi alicheka mpaka akafuta macho, akaiongezea mashine subira.

Nikitandika ule mswala nilimsimulia Bi Mkubwa jambo lililonisumbua nilipofika Doha. Kwetu Tanga, kama kwao Unguja, kibla kiko kaskazini. Umekizoea tangu utoto, mwili unageuka wenyewe. Doha Makka iko magharibi, inaelemea kusini kidogo, na wiki zangu za mwanzo nilikuwa nikijikuta nimesimama kaskazini kama sikusoma madrasa. Wenzangu chumbani walinicheka sana.

"Hata mie," alisema. "Nilivyofika bibi harusi, mama mkwe alinishika mabega haya akanigeuza. Kila sala ananigeuza. Nikamchukia kwa hilo, Mungu anisamehe."

Baada ya fundi kuondoka palikuwa na amani. Tena Bi Mkubwa akaanza kuitumia amani ile zaidi ya ilivyokusudiwa. Nilimkuta amekaa mswalani anakula mkate na chai, miguu ameinyoosha. Siku nyingine amejiegemeza pale anasikiliza redio. "Humu mdaku hana ruhusa," aliniambia, na kunikatia mkate. Nilipaswa kumwambia arudi kitini. Nilikaa nikala mkate.

Amani ile ilikatika siku moja, baada ya alasiri. Sala ya alasiri aliisali nikiwepo, nikamshika mkono akiinuka, nikamkalisha kitandani, nikaenda kupanga mashuka. Tulikuwa wawili zamu ile, mimi na Mkenya mmoja wa Nakuru, Mkristo, dada mwenye kicheko kikubwa ambaye wazee walimpenda kwa kuwa hawezi kusikia uvundo kwa mtu bila kumfanyia kitu. Nilipotoka kwenye stoo ya mashuka nikiwa na trei ya chai, alinizuia koridoni.

"Kwa shosho usiingie saa hii," alisema kwa sauti ya chini. Shosho kwao ni bibi; ndivyo alivyomwita Bi Mkubwa. "Nimepita nikapata anaomba. Nikafunga mlango polepole, sikutaka kumsumbua. Wacha amalize."

"Anaomba nini? Alasiri ameshasali."

"Sijui, lakini ako chini kwa ile kitu yake. Ameinama kabisa."

Ndivyo alivyoheshimu dini ya mwenzake, na si yeye tu. Sote tulikuwa tumefundishwa kwamba mtu akiwa kwenye sala hapitwi mbele na haitwi. Simu zilikuwa kimya viunoni mwetu. Nilisimama na ile trei. Ingekuwa asubuhi nisingejali, mtu huweza kuongeza sala zake. Ila baada ya alasiri watu kama Bi Mkubwa hawaongezi, maana saa hizo sala za ziada zimekatazwa; wanasubiri magharibi. Nikaiweka trei chini nikafungua mlango.

Alikuwa mswalani, paji chini, amejikunja. Ukimtazama haraka ungesema anasujudu. Lakini mguu mmoja ulikuwa na ndara, na ndara nyingine iko kando ya kitanda. Na alikuwa ameukata mswala upande, kichwa kiko ukingoni. Alikuwa ameelekea kaskazini, kama wanavyosali Unguja.

"Bi Mkubwa."

Nilisogea hatua moja.

"Bi Mkubwa, umeelekea wapi?"

Nilisikia pumzi yake. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Funga mlango."

Niliufunga, nikapiga magoti karibu naye. Alikuwa ameinuka kwenda kuvuta pazia, mguu ukamsaliti. Alianguka kati ya kitanda na mswala. Alijua mdaku humpa mtu nafasi kidogo kabla ya kusema, kwa hiyo alijiburura kwa viwiko mpaka akaingia ndani ya kile kisanduku kisichoonekana, akajikunja kama anayesujudu, akatulia. Mashine ikadhani anasali. Mwenzangu akadhani anasali.

"Nimemzuga," alisema. Alitaka kucheka, na midomo yake ilikuwa imepauka. "Nitapumzika kidogo, kisha utanishika, nitainuka. Wewe hujaniona. Hakuna aliyeniona."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi."

Nilimfunua gauni. Mguu ulikuwa umegeukia nje, na alipojaribu kuuvuta alitoa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Akanishika mkono kwa nguvu. "Ukisema, mwanangu, ndiyo mwisho wa paji langu kugusa chini. Unalijua hilo. Unalijua kuliko wao."

Nililijua. Nilikasirika pale sakafuni, nilikasirika sana: nilimkasirikia yeye na ule ujanja wake, nikaikasirikia mashine iliyofundishwa adabu mpaka ikamwacha mtu avunjike mbele yake, nikamkumbuka na mama yangu. Mama yangu aliwahi kuanguka uani Tanga, akawakataza majirani wasitwambie, akihofia tutamkataza kwenda shambani. Nilijua baadaye sana, kwenye simu, kwa namna alivyokuwa anakwepa kusema anatembea vipi. Darini kwa mama yangu hakuna kitu ila popo.

Niliinua mkono nikabonyeza kitufe cha ukutani.

Bi Mkubwa aliutazama ule mkono wangu. Akauachia ule mwingine. "Kumbe na wewe mdaku," alisema.

Iliniuma. Inaniuma hata sasa ninapoandika. Waliingia wote, nesi mkuu akiwa mbele, wakambeba kwa uangalifu, na yeye alifumba macho asinione.

Nyonga ilikuwa imepasuka. Daktari wa hospitali alimwambia mwanawe kwamba angelazimisha kusimama ingekatika kabisa. Nesi mkuu alinipa habari hiyo makusudi ili nitulie moyo, na nilimshukuru, ila moyo haukutulia. Mwenzangu wa Nakuru alilia stoo, amekaa juu ya marobota ya mashuka. "Mimi ndio nilifunga mlango," alisema. Nilimwambia asingeweza kujua, kwa kuwa asingeweza. Mtu hatafuti kibla cha Unguja kwa mtu aliyeinama Doha.

Alirudi kwetu baada ya upasuaji, kwenye chumba kilekile cha kona. Kitanda kilikuwa na vizuizi pande zote mbili. Kiti kilikuwa na mkanda. Fundi alikifuta kile kisanduku, safari hii bila mzaha, na mswala ukakunjwa ukawekwa kabatini. Alisali amekaa, akiinamisha kichwa kidogo kwa rukuu na zaidi kidogo kwa sijda, mikono juu ya mapaja.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," nilisema asubuhi ya kwanza.

Hakuitikia. Akaniambia kwa Kiarabu nimpe maji. Kiarabu changu ni cha jikoni na bafuni, kinatosha maji. Kesho yake nikamsalimu tena, akaniambia kwa Kiarabu nifungue pazia. Hakunitukana, hakunisengenya kwa nesi. Aliniondolea Kiswahili tu, akanifanya mfanyakazi kama wafanyakazi wengine. Kuna siku nilitamani anigombeze kwa ajili ya shuka. Kila siku ya zamu nilimpa shikamoo yake, nikaiacha pale, nikaenda kwenye kazi zangu. Nilisema moyoni: asipoitikia mpaka anakufa, mimi nimemsalimu.

Wiki zikapita hivyo. Jua la Doha likapungua ukali, watu wakaanza kufungua madirisha. Alasiri moja nilikuwa namfutia meza, nikasikia nyuma yangu Kiswahili.

"Mswala wangu mmeutupa?"

Nilibaki na kitambaa mkononi. "Uko kabatini, Bi Mkubwa."

"Utandike."

"Bi Mkubwa, huwezi kushuka."

"Nani kakwambia nashuka? Nimefungwa hapa na mkanda kama mzigo wa meli." Alinitazama. "Ushasali wewe?"

"Bado. Sisi tunasali chumba cha wafanyakazi."

"Salia hapo. Tangu siku ile haujasujudiwa. Nnauonea huruma."

Niliutoa kabatini. Ulikuwa umeshika mikunjo, nikaunyoosha kwa kiganja. Niliutandika palepale, magharibi, ukielemea kusini kidogo, na alinielekeza kwa kidole mpaka aliporidhika. Nilitawadha bafuni kwake, nikafunga ushungi, nikaanza. Nilimhisi nyuma ya bega langu la kushoto, ananifuata kwa kichwa, akiinama nikiinama.

Sijda ya mwisho niliirefusha. Nilikuwa na shida zangu siku hiyo. Nilimwombea yeye, nyonga yake na ulimi wake. Nilimwombea mama yangu, kwamba siku akianguka apite mtu mlangoni ambaye hatafunga polepole. Nilikuwa bado niko chini pale simu ya kiunoni mwangu ilipolia. Kisha nikasikia za korido nzima zinalia, na miguu inakimbia. Mashine ilikuwa haina tena habari na mswala. Sikuweza kuizima, niko kwenye sala.

Mlango ulifunguka kwa kishindo. "Shosho!" Alikuwa mwenzangu wa Nakuru. Kisha miguu yake ikasimama palepale, alipomwona shosho yuko kitini na aliye chini ni mimi. Nilisikia anavyohema, na nilijua anafikiria ile siku nyingine.

"Huyu naye," alisema kwa woga, "ameanguka ama anaomba?"

"Anasali," alisema Bi Mkubwa. "Huoni kaelekea wapi?"

Mwenzangu alizima simu yake. Niliinuka kutoka sijdani nikakaa, nikamaliza yaliyobaki, nikatoa salamu ya kulia, kisha ya kushoto, upande aliokaa. Alikuwa ananitazama, na macho yake yamelowa.

"Marahaba, mwanangu," alisema. Shikamoo ilikuwa ya asubuhi.